Nilivyobadilisha mikanda ya mashine ya kukata majani (mmoja niliuua mwenyewe)

Naishi Texas, nje kidogo ya Fort Worth, na nyumba yetu ina uwanja wa karibu eka moja, sasa eka moja ya bermuda (aina ya nyasi) kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi sio mchezo, unakata Jumamosi, mvua ikinyesha Jumanne basi wikiendi inayofuata yameshasimama tena. Na huku majani yakizidi inchi 12 mji unakuandikia barua, usipokata wanatuma watu wakate halafu bili inakuja kwako. Ndo nikanunua kwa mtu mashine iliyotumika, ile ya kukalia kama katrekta, deki inchi 42 (deki hapa ni lile bati kubwa la chini linalofunika visu, sio ile ya kupiga na tambara), haina kubadili gia, unakanyaga pedali inaenda.

Mwezi wa saba ikaanza kuugua. Kwanza nikiwasha visu inapiga ukelele kama mtoto anayevutwa sikio, halafu kale kamwinuko ka nyuma ya nyumba ikawa inakapanda kwa kujivuta, mi nakanyaga yenyewe inafikiria, na harufu ya mpira kuungua juu. Siku moja pap! Visu vimesimama, injini inanguruma tu, nikachungulia chini nikakuta mkanda unaning'inia kama utumbo wa mbuzi.

Nikapigia fundi mmoja, akasema foleni wiki tatu, na kuja kuibeba tu ni dola 90 kabla hajagusa hata nati moja. Wiki tatu! Nikasema mi nimekulia nyumba yenye mashine ya kusaga, mkanda gani huo wa kunishinda.

Kilichoniponza ni ubahili. Mashine hizi zina mikanda miwili, mmoja wa visu unazunguka juu ya deki, mwingine wa kuendeshea unatoka puli ya injini unaenda nyuma kuzungusha gia boksi. Ule wa visu orijino ulikuwa dola 45, duka la spea za magari wakanipa wenye upana uleule wa nusu inchi na urefu uleule kwa dola 17, nikajiona mjanja kweli. Ulidumu Jumamosi mbili. Nilikuja kuelewa baadaye, mkanda wa mashine hii ukiwasha visu unavutwa kwa ghafla, halafu unakunjwa pia kwa mgongo kwenye puli bapa, ndo maana wa orijino una nyuzi ngumu za Kevlar ndani na nguo nje. Wa gari haukutengenezwa kwa maisha hayo.

Lakini nao nilikuwa nausingizia kidogo. Nikampigia mjomba wangu Makambako, Tanzania, yeye ana mashine ya kusaga na kukoboa tangu mi sijaanza shule. Huku saa nne asubuhi, kwao saa kumi na mbili jioni anafunga kazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, za huko?"

Nikamweleza yote, nikategemea atauliza mkanda wa aina gani. Wapi. Akaniuliza, "Puli ulizizungusha kwa mkono?" Nikamwambia sijazungusha. "Basi hujatengeneza, umevalisha."

Akanielekeza, toa mkanda wote, shika puli mojamoja uzungushe, ikikwaruza au ikigoma ndo hiyo inayokula mkanda wako. Nikarudi chini ya mashine na tochi, ya kwanza inazunguka vizuri, ya pili vizuri, nikashika ile ya kukazia, yaani ile ndogo bapa yenye springi, haisogei! Beringi imekufa kabisa, puli imesimama na mkanda ulikuwa unateleza juu yake kwa kasi yote ile, sehemu moja imeng'aa kama kisu kilichonolewa na pembeni imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Puli mpya dola 18. Yaani dola 18 ilikuwa inanilia mikanda ya dola 45.

Safari hii nikaagiza yote orijino, mkanda wa visu, wa kuendeshea (nao ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi) na puli. Namba ya modeli iko kwenye stika chini ya siti, usiende dukani na urefu wa kukisia.

Kabla ya yote nikatoa ufunguo, nikachomoa waya wa plagi ya injini, nikavaa glovu maana visu hata vikiwa butu vinachana, na nikapiga picha na simu njia ya mkanda inavyopita, hizo picha ndo zilinipa usingizi. Deki unashusha mpaka chini kabisa, unatoa mkanda kwenye puli ya injini, unachomoa pini za kushikilia, unaivuta inatoka ubavuni. Chini yake nikakuta majani yamegandamana unene wa vidole viwili, ukitafuta kilichooza utakipata. Mkanda wa visu ni kazi ndogo, upande mwembamba uingie kwenye mifereji ya puli, mgongo ulale kwenye puli bapa, na vile vyuma vidogo vya kuzuia usiruke hakikisha umepita ndani yake.

Wa kuendeshea sasa. Unafunga breki ya kuegeshea ili ulegee, unachomoa waya wa klachi ya umeme, ile inayowasha visu, iliyo chini ya injini maana mkanda lazima upite hapo, halafu unaenda nyuma kwenye gia boksi ambako juu ya puli kuna feni ya plastiki, na nafasi kati ya feni na bodi haitoshi hata kidole kilichonona. Unapitisha mkanda panga moja la feni, unazungusha, panga la pili, unazungusha, ukilazimisha panga linavunjika. Nililala kwenye boksi la kadibodi dakika 40, jasho linaingia machoni, mke wangu anapita ananiuliza kama nimelala.

Nikarudisha kila kitu, nikawasha, visu vinazunguka bila kelele, nikakanyaga pedali... haiendi. Nikazima, nikarudi chini, mkanda uko sawa, puli sawa, nikakaribia kulia. Kumbe asubuhi wakati naisukuma kuingiza gereji nilivuta ile fimbo ya nyuma inayoachia gia boksi ili matairi yazunguke bure, na sijairudisha. Nikaisukuma kwa mguu, tak, mashine ikaondoka.

Jioni nikampigia mjomba nikamwambia imepona. Akafurahi, akauliza hayo majani yote nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia tunayaacha hapohapo yaoze. Akasema simu inakatakata, tutaongea kesho.

Namba za mikanda yote miwili nimeziandika kwa maka peni ndani ya boneti, maana stika ya chini ya siti imeshaanza kufutika.