Eti walinipokea kwa fataki

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia voisi ya dakika nne. Mimi voisi ikizidi dakika moja huwa siisikilizi, hata ikitoka kwa mtu anayenidai, lakini hii niliisikiliza mpaka mwisho na mpaka saivi naandika hapa nishairudia mara tatu. Anataka kuuza bodaboda. Apate nauli na viza ya kutembea ya siku 60, atue Dubai, kazi ataitafutia hukohuko. Mkataba hana, mwenyeji hana, kuna rafiki wa rafiki yake sijui yuko Sharjah, huyo ndo mpango mzima. Halafu dakika ya tatu na kitu akasema neno lililonikalisha kitako: "Si na wewe mjomba ulienda hivohivo? Bibi anatuhadithia kila siku, mwezi mmoja tu ulikuwa ushapata kazi, tena siku hiyo walikupokea kwa fataki."

Kwa fataki.

Haya, ngoja niseme hapa, maana nyumbani sijawahi kusema.

Nilikwenda mwishoni mwa Oktoba 2013, baada ya Idi ya kuchinja. Viza siku 90, diploma ya uhasibu kwenye bahasha ya kaki, na dirham nilizobadilisha Dar ambazo ukizihesabu kwa shilingi unajiona tajiri, dirham moja ilikuwa inapita shilingi 400, ukishafika ndo unagundua hiyo dirham moja ni chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, basi. Nauli ilitoka kwa mama. Wale mnaomjua mama mnajua ile nyumba ya Ngamiani ilivyojengwa, tofali hili mwaka huu na lile mwaka kesho, na mwaka ule alikuwa ameshanunua mabati ya vyumba viwili vya uani, geji 28, hakutaka kusikia habari ya geji 30. Yalikuwa yameegemezwa ukumbini, watoto wakipita wanayagonga kwa makusudi yalie. Siku moja nikarudi nikakuta ukuta mtupu. Sikuulizwa wala sikuuliza. Alisema tu bati ni bati, yatanunuliwa mengine, we nenda.

Mwezi wa kwanza naupitisha haraka kwa sababu kila aliyekwenda atakuhadithia yaleyale. Nililala Deira, dirham 550 kwa mwezi, na hapo umepanga kitanda siyo chumba, changu cha juu karibu na kiyoyozi kinachodondosha maji miguuni. Tulikuwa wanane: Wahindi wa Kerala wanne, Wanepali wawili, mimi, na Mganda mmoja tuliyemwita Ssebo kwa vile yeye kila mtu alimwita ssebo. Kunguni hatukuwahesabu. Asubuhi napiga pasi shati lilelile natembeza CV, hoteli za Al Rigga, maduka ya simu, ofisi za mizigo, mlinzi anaipokea kwa adabu kabisa na ukigeuka unamuona anaiweka juu ya rundo la wenzako. Walioniita ndani waliuliza kitu kimoja, una uzoefu wa kazi hapa Emirates? Sasa uzoefu wa hapa nitautoa wapi na hapa hamnipi kazi, ila hilo huwezi kumwambia dada wa mapokezi, yeye kaajiriwa tu kama utakavyoajiriwa wewe inshallah. Chakula ni mkate wa Waafghani dirham moja, ule mpana kama ungo, nusu mchana nusu usiku, unaomba Mungu wale jamaa wa Kerala wabakize mchuzi wa samaki. Siku nyingine walibakiza.

Tarehe 27 Novemba ilikuwa Jumatano. Ndo siku kule Paris walipokuwa wanapiga kura nani aandae Expo 2020, Dubai anagombea na Izmir ya Uturuki, São Paulo ya Brazil na Yekaterinburg ya Urusi. Mimi hiyo Expo nilikuwa sijui ni mnyama gani, Ssebo ndo alikuwa ameshapiga hesabu zote: wakishinda watajenga, wakijenga watataka watu, na watu wenyewe si sisi hapa? Halafu akasema wakishinda wanalipua fataki pale Burj Khalifa, na kuangalia ni bure. Hilo neno la mwisho ndo lililonishusha kitandani.

Tukapanda metro. Nakumbuka nilikereka na hela ya metro, nikawa nataka turudi kwa miguu, ukiwa huna kazi unakuwa na hesabu za ajabu. Pale chini ya jengo watu walikuwa wamejaa kama uwanja wa mpira, Waarabu na familia zao, Wafilipino na simu juu, vibarua wa Kihindi ambao hata nguo za kazi hawajabadilisha, bendera kila mahali. Na mimi mfukoni nilikuwa na kadi mpya ya kupigia nje niliyoinunua kwa kazi moja tu. Kodi ya kitanda ilikuwa inatakiwa tarehe moja, zimebaki siku nne, nina dirham 140. Nilikuwa nimeshapanga maneno tangu asubuhi, nampigia mama, nasema mama hali ngumu, mwambie dada anikopee kwenye kikoba chao hata kidogo, mwezi ujao nitarudisha. Nilikuwa nayarudiarudia njia nzima mpaka Ssebo akaniuliza nasoma uradi gani.

Nikapiga. Huku Tanga magharibi imeshapita. Akapokea, tukasalimiana zile salamu ndefu, umekula, umelala, baridi ipo, na nyuma yake nasikia kitu kinagonga gonga, toh, toh, toh. Nikamuuliza nini hiyo. Akasema, "Mvua baba, vuli ya mwaka huu imekuja na hasira. Tumeweka ndoo." Basi. Hakusema bati. Angesema bati labda ningeweza kuendelea na maneno yangu, ningekasirika hata, lakini alisema ndoo, akaendelea kunieleza paka kazaa.

Nikavuta pumzi nianze, "Mama, nilikuwa nataka..."

Hapo ndo wakalipua.

Sijui kama mshawahi kusimama chini ya lile jengo likiwaka. Cheche zinatoka ubavuni, zinapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka juu, halafu moshi unashuka jengo lote linapotea unabaki unasikia mlio tu, kifuani siyo masikioni. Watu wakalipuka pia. Ssebo alikuwa ameshikana mikono na mzee mmoja wa Kipakistani wanaruka, hawajuani hata kidogo. Mtoto mmoja juu ya mabega ya baba yake kaziba masikio, kafumba macho, analia, na baba hana habari. Na mimi nimebana simu sikioni na kidole kwenye sikio la pili.

"Kuna vita huko?" mama anapiga kelele. "Mizinga hiyo?"

"Fataki mama! Wanasherehekea!"

"Wanasherehekea nini?"

Sasa Expo utamwelezaje mama kwa dakika mbili za kadi? Maonyesho ya dunia, kura, Paris, miaka saba ijayo? Nikachukua ya Ssebo, ile fupi. "Kazi mama! Kazi zimekuja!"

Kimya kidogo. Ile toh, toh ya ndoo.

"Umepata kazi?"

Nilikuwa na nafasi. Hili ndo linalonisumbua mpaka leo, kwamba nafasi ilikuwepo tena kubwa tu, kama ya kupita lori. Ningesema hapana mama, siyo mimi, ni mji. Nilikiangalia kile kitoto kinacholia juu ya mabega. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ndiyo mama."

Hakuuliza kazi gani. Alitoa simu sikioni, nikamsikia anamwita dada kwa ile sauti yake ya uani, "Kapata! Mwanangu kapata kazi!", halafu vigelegele, vya mama kwanza, vya dada vikafuata, na cha tatu nafikiri ni cha mama jirani ambaye sijui alifika saa ngapi na mvua yote ile. Vigelegele sikio hili, mizinga sikio hili. Halafu kadi ikaisha.

Ssebo alinikumbatia akidhani nalia kwa furaha ya Expo.

Kesho yake Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa, mama akafanya dua ya shukrani. Nilijua kwa meseji ya dada: "Hongera mdogo wangu, mama kachinja jogoo wawili, pilau imetosha mpaka watoto wa madrasa." Hela ya mchele sijui ilitoka wapi. Nadhani ilitoka kwenye kikoba, yaani ileile niliyokuwa nataka kukopa, imeliwa kwa shukrani ya kazi ambayo haipo. Niliisoma nikiwa kitanda cha juu, nina robo ya mkate. Nilicheka kidogo, siwadanganyi.

Yaliyofuata ni mbio tu. Mtu akishapata kazi lazima mwisho wa mwezi apate mshahara, hilo nilikuwa sijaliwaza. Tarehe za mwisho za Desemba nilikopa dirham 300 kwa Ssebo, yeye alikuwa kashapata kazi ya kuosha magari usiku, nikazituma Tanga nikaandika mshahara wa kwanza. Kodi nililipa kwa kubebea wafanyabiashara wa Kariakoo mabegi pale Naif na Murshid Bazaar, wale kina mama wanaokuja kufunga mzigo, wananunua madera na vitenge na viatu wanataka mtu wa kubeba na kuwaangalizia wasiibiwe. Mmoja wao, Mpare mkali kuliko bei zake, siku ya tatu akaniuliza wewe kijana umesoma, nikasema uhasibu, akasema mbona unabeba basi, akampigia simu mwenye ofisi ya kusafirishia mizigo aliyekuwa analalamika vijana wake wanaandika majina ya Kiswahili kama wanavyosikia wao, marobota ya Mwanahamisi yanaenda kwa Hamisi. Nikachukuliwa kuandika majina kwenye marobota. Kwa kalamu nene ya wino. Zilikuwa zimebaki siku 6 viza yangu iishe. Diploma haikuulizwa, nilipata kazi kwa sababu najua tofauti ya Hamisi na Mwanahamisi.

Kwa hiyo kazi ya kweli ilikuja Januari 2014, karibu miezi miwili baada ya pilau yake kuliwa.

Nilikaa kule mpaka 2019. Mabati nikayanunua 2015, geji 28, mama alikwenda kuyachagua mwenyewe. Ssebo alihamia Doha nikiwa nimemrudishia dirham 200 tu, namba yake ikafa, hizo 100 bado ninazo shingoni, kama unasoma hapa ssebo nitafute. Na ile Expo yenyewe iliyotakiwa kutuletea kazi, korona ikaisogeza, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2021 na bado wakaiita Expo 2020, mimi nishakuwa zamani hapa Tanga nauza vifaa vya umeme. Nilipoona habari yake nikajisemea kumbe hata wao tarehe waliisogeza na jina wakaliacha.

Sasa huyu mtoto. Nimerekodi kumjibu mara nne nimefuta mara nne. Nikimwambia usiende, ataniuliza mbona wewe ulifanikiwa. Nikimwambia ukweli, atamwambia mama yake, na dada yangu akijua leo, bibi anajua kabla ya adhuhuri. Na sina hakika pia kwamba nataka asiende. Mimi ningejibiwa ukweli 2013 ningebaki, na sijui ningekuwa nauza nini saivi. Labda hivihivi vifaa vya umeme.

Halafu kuna jambo moja huwa nalizungukazunguka. Mama yangu ni mtu wa kuuliza. Akienda msibani anauliza marehemu alikunywa dawa gani na kwa shilingi ngapi. Miaka yote ile nipo kule, na miaka hii nimerudi, hajawahi hata siku moja kuniuliza ile kazi ya siku ya fataki ilikuwa ya nini na tajiri wake aliitwa nani.

Leo asubuhi nimempelekea dawa yake ya presha. Alikuwa uani anachambua mchicha. Nikakaa kwenye kigoda, nikasema, "Mama, ile siku niliyokupigia ya fataki..."

"Ilikuwa mvua," akanikata, wala hakuinua macho. "Nilipokea nimeshika ndoo mkono huu." Na akaanza kuhadithia mwanzo mpaka mwisho, mizinga, vigelegele, jogoo wawili, na safari hii kaongeza kwamba nyuma yangu alimsikia tajiri ananiita kwa Kiarabu nikasaini. Nikamchambulia mchicha huku namsikiliza. Simu ikalia mfukoni, mpwa wangu. Mteja wa bodaboda kapatikana, anakuja kuiangalia Jumamosi.