Kwa miguu kutoka Mto Kävlinge hadi Lund, penye uwanja wa vita wa 1676

Anayetaka kuvielewa vita vya Lund, mji wa mkoa wa Skåne kusini mwa Uswidi ambako Waswidi walipigana na Wadenmark, asianzie Lund. Aanzie Kävlinge, mji mdogo ulio kama kilomita 10 kaskazini yake, kisha ateremke kwa miguu kuelekea kusini. Ndivyo nilivyofanya, na ndivyo jeshi la Uswidi lilivyofanya usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1676.

Kufika si kazi. Kutoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, unapanda treni ya Öresundståg, inapita uwanja wa ndege wa Kastrup, inazama kwenye handaki la kilomita 4, inaibukia kisiwa cha kutengenezwa cha Peberholm, halafu inapanda daraja la karibu kilomita 8 hadi mji wa Malmö upande wa Uswidi. Beba pasi au kibali chako cha ukaazi hata kama nchi zote mbili zimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, maana polisi wa Uswidi huingia kukagua. Lund ni zaidi ya nusu saa kidogo kutoka Kastrup. Hapo unabadilisha, unapanda Pågatåg, zile treni za zambarau za mkoa wa Skåne, na baada ya muda mfupi uko Kävlinge. Tiketi inunuliwe kabla ya kupanda, kwenye simu au kwenye mashine ya stesheni, kwa kuwa ndani ya treni haiuzwi.

Suala la tarehe litakusumbua usipolijua mapema. Nchi zote mbili zilikuwa bado zinafuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 10. Tarehe 4 Desemba ya wakati ule ni tarehe 14 Desemba ya sasa. Anayetaka kuuona mwanga waliopigana nao aende katikati ya mwezi: jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri au dakika chache baadaye. Ufupi huo wa mchana uliamua mengi siku ile.

Kuhusu ugomvi wenyewe, habari ni fupi. Skåne ilikuwa ya Denmark tangu enzi na enzi. Mwaka 1658 mfalme Karl X Gustav wa Uswidi alivusha jeshi lake juu ya bahari iliyoganda kati ya visiwa vya Denmark, akaibana Copenhagen, na kwa mkataba wa Roskilde akapewa Skåne, Halland, Blekinge na maeneo mengine. Mwishoni mwa Juni 1676, Christian V wa Denmark alivuka Öresund, mlango wa bahari ulio kati ya nchi hizi mbili, kuja kudai mali yake, na jeshi lake likashuka pwani karibu na Helsingborg. Helsingborg ikaanguka, zikafuata Landskrona na Kristianstad. Malmö pekee, katika miji yenye ngome nzito, ilibaki mikononi mwa Waswidi. Wenyeji wengi walimpokea Christian kama mtu aliyerudi nyumbani. Mwezi Julai, huko Loshult mpakani, wanavijiji waliuvamia msafara wa Waswidi na kuondoka na sanduku la fedha za vita.

Kutoka stesheni ya Kävlinge hadi mtoni si mbali. Ukifika utashangaa: mto wenyewe ni huu? Mtu mwenye mkono mzuri anarusha jiwe likaanguka ng'ambo. Lakini majeshi mawili yalitazamana hapa kwa karibu mwezi mzima, Waswidi upande wa kaskazini karibu na kijiji cha Lilla Harrie, Wadenmark upande wa kusini, na hakuna aliyethubutu kuvuka. Mvua ya vuli ilikuwa imeufurisha mto, na kingo zake zilikuwa matope matupu. Farasi wanaoteremka kwenye matope mbele ya mizinga hawafiki popote. Waswidi ndio waliokuwa wakiumia zaidi. Hawakuwa na mji wa kujihifadhi, magonjwa yalikuwa yanawapunguza kambini kila siku, na lishe ya farasi ilikuwa inakwisha. Kwao kungoja kulikuwa ni kushindwa polepole.

Kisha baridi kali ikashuka na mto ukaganda. Hapa inafaa kukaa kidogo ukingoni na kuyatazama maji. Barafu ya mtoni si sawa na ya ziwani. Mkondo unaila kutoka chini, hivyo mahali pamoja ni nene, na hatua chache mbele ni utando tu. Waswidi wa leo wanashauri sentimita 10 za barafu ngumu, safi, kabla mtu hajatembea juu yake, na hata hapo wanavaa shingoni vijiti viwili vyenye ncha za chuma vya kujivutia wakizama. Mwaka 1676 walivusha kama watu 8,000, wengi wao wapanda farasi, pamoja na mizinga, gizani, kuanzia kama saa kumi alfajiri. Usijaribu kuwaiga. Daraja lipo.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuishambulia kambi ya Wadenmark wangali usingizini. Wapelelezi waliporudi walisema ardhi ya mbele ya kambi haifai: imekatikakatika, na wapanda farasi wangevunja safu kabla ya kumfikia adui. Wengine walitaka kushambulia hivyo hivyo. Jemadari mkuu Simon Grundel-Helmfelt na wenzake wakaona afadhali waende kusini haraka, washike vilima vilivyo kaskazini mwa Lund, kisha wapigane wakiwa juu na mji ukiwa mgongoni. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora wa siku nzima. Yaliyofuata yalikuwa bahati zaidi ya akili.

Ukitembea njia hiyo leo unapita mashamba ya ngano na barabara ndogo za lami. Vaa buti. Udongo wa hapa ni mfinyanzi, ukilowa unaganda kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito kama wa tembo. Sheria ya Uswidi inamruhusu mtu kupita kwenye ardhi ya mwenzake, lakini si juu ya mazao, na majani yale mafupi ya kijani unayoyaona Desemba si nyasi. Ni ngano iliyopandwa vuli. Pita pembeni. Utakachogundua kwa miguu, ambacho ramani haikuambii vizuri, ni kwamba nchi inapanda taratibu sana. Mpando wenyewe hauuoni. Unausikia kwenye misuli ya miguu, na ukigeuka nyuma unaona bonde lote la mto. Ndiyo maana pande zote mbili, mara Wadenmark walipogundua kinachotokea, zilikimbilia sehemu moja.

Onyo kwa mgeni: ukiingia Lund kutoka kaskazini utaona kilima cha haja kinachoitwa Sankt Hans backar. Wengi hupanda juu, hupiga picha, na kusema hapa ndipo mbio zile zilipoishia. Sipo. Kile ni jalala la zamani la mji lililofunikwa udongo katika karne ya 20. Ukipande kwa ajili ya kuangalia tu, maana siku ya anga safi unaona hadi Öresund, na utapima kwa macho ukubwa wa uwanja. Vilima halisi vya 1676 ni miinuko ya chini, na sehemu kubwa imemezwa na nyumba.

Mapigano yalianza kama saa tatu asubuhi. Wadenmark walikuwa kama 13,000, wakiwemo mabaharia wa Kiholanzi wapatao 1,300, na mizinga zaidi ya 50. Mrengo wa kulia wa Waswidi, alimokuwa mfalme wao Karl XI, kijana aliyetimiza miaka 21 siku chache tu kabla, uligongana na mrengo wa kushoto wa Wadenmark. Kamanda wa Wadenmark, Carl von Arensdorff, alijeruhiwa vibaya mapema, akafa siku chache baadaye. Mrengo wake ukavunjika na kukimbilia kaskazini, kurudi mtoni. Karl akawafuata. Barafu iliyowabeba Waswidi alfajiri haikuwabeba Wadenmark waliokimbia kwa kusongamana: ilipasuka, na watu na farasi wakazama. Christian V mwenyewe aliishia kwenye ngome ya Landskrona.

Hapo ndipo vita vilipokaribia kupotea. Mfalme aliyeshinda upande wake alikuwa kilomita kadhaa kutoka uwanjani, akifukuza, huku Helmfelt na askari wa miguu wakibaki mbele ya jeshi kubwa kuliko lao. Friedrich von Arensdorff, aliyechukua nafasi ya ndugu yake, aliwasukuma Waswidi nyuma hadi karibu na kuta za Lund. Ukitaka kuelewa kosa la Karl, tembea kutoka mtoni hadi ulipo mnara wa kumbukumbu na uangalie saa yako. Kwa mguu ni zaidi ya saa mbili. Farasi aliyekwisha kimbizwa asubuhi yote naye si mwepesi tena.

Alasiri mfalme akarudi na wapanda farasi aliowakusanya, akapenya hadi kwa Helmfelt, na Wadenmark wakajikuta wanapigwa mbele na nyuma. Wapanda farasi wao wakaondoka. Askari wa miguu hawakuwa na pa kwenda. Mabaharia wa Kiholanzi waliangamia karibu wote. Mauaji yaliendelea gizani mpaka Helmfelt alipoamuru yasimame. Maiti zilizohesabiwa uwanjani ni 8,357, bila waliozama mtoni wala waliokufa kwa majeraha baadaye. Kwa jumla ya watu waliopigana, vita vichache vya Ulaya vinafikia kiwango hicho.

Mnara uko upande wa kaskazini wa mji, katika bustani inayoitwa Monumentparken. Ni nguzo ndefu ya mawe iliyosimamishwa 1883 kwa mchoro wa msanifu majengo Helgo Zettervall. Maandishi yake hayamsifu mshindi: yanasema waliopigana na kumwaga damu hapa ni watu wa asili moja, na waliousimamisha ni wazao waliokwisha patana. Wanafunzi wanakatiza na baiskeli bila kuinua macho.

Kutoka hapo teremka hadi kanisa kuu, mwendo wa dakika 20 hivi. Jengo ni la karne ya 12, lilikuwa makao ya askofu mkuu wa Skandinavia nzima. Peder Winstrup, askofu wakati wa vita, aliteuliwa na mfalme wa Denmark, kisha 1658 akahamia kwa Waswidi na kuingizwa katika tabaka la makabaila. Amezikwa humu. Wadenmark waliporudi 1678 waliuchoma moto mji, na 1679 amani ikatiwa saini hapa Lund, ingawa masharti yalikuwa yameshaamuliwa Ufaransa na mfalme wake Louis XIV: Skåne ibaki Uswidi. Mwaka uliofuata Karl XI alimwoa Ulrika Eleonora, dada yake Christian V.

Ukibakiza siku, nenda Landskrona kwa treni. Ngome aliyoishia Christian bado imesimama na mahandaki yake ya maji, na ni nje ya mji huo Helmfelt alipouawa tarehe 14 Julai 1677, katika vita ambavyo Waswidi walishinda tena.