Ushauri nasaha kazini: tulivyowafanya watu wa hoteli Malindi wautumie

Kampuni ikilipia ushauri nasaha na asiende mtu, mara nyingi si kwamba watu hawajui huduma ipo. Wanajua. Wanachohofia ni habari zao kufika ofisini. Katika hoteli niliyosimamia masuala ya wafanyakazi hapa Malindi, kazi yangu kubwa ilikuwa kuziba kila tundu ambalo jina la mtu lingepenya.

Tundu la kwanza ni ankara. Mshauri akiandika majina, mhasibu ameyaona, na kesho yanazungumzwa mesini, wanapokula wafanyakazi. Tulikubaliana aandike namba tu, na orodha ya namba na majina abaki nayo mwenyewe. Hata nauli ya tuktuk alimrudishia mtu mkononi, kisha akaijumlisha kwenye ankara, maana vocha ya nauli inataka sahihi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, kwa hiyo mkurugenzi akidai majina una pa kusimamia. Ripoti nayo ina hatari yake: ukiandika "mmoja, idara ya bustani" na bustani ina watu wanne, umeshamtaja. Omba jumla ya hoteli nzima, kila robo mwaka.

Chumba kisiwe karibu na ofisi. Afadhali mjini, kwenye jengo lenye kliniki na maduka, ambako anayepanda ngazi haulizwi aendako.

Ruhusa ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu msimamizi wa zamu lazima atauliza, "Ya nini?" Dawa yake ni kumpa kila mfanyakazi saa chache za shughuli binafsi kila mwezi, asizozitolea sababu: benki, shuleni kwa mtoto au kwa mshauri. Mshauri naye apokee watu baada ya saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi inapotoka.

Tangazo libandike nyuma ya mlango wa choo. La mesini watu hulipita, kwani anayesimama kulisoma anaonekana. Taja shida zenyewe: kukosa usingizi, madeni, msiba, ugomvi nyumbani.

Kinachoua mpango wote ni kumpeleka mtu kwa mshauri pamoja na barua ya onyo. Ikitokea mara moja tu, wenzake wataona ushauri ni adhabu.

Masika, Aprili hadi Juni, wageni hupungua na wengi hupewa likizo bila malipo. Hapo ndipo mzigo huwa mzito, basi mkataba wa mshauri useme wazi kwamba walio likizo wanahudumiwa, hata kwa simu.

Na mtu akitamka kwamba anataka kujiua, msimamizi asimwache peke yake. Apige 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wafanyakazi waambiwe hilo waziwazi, kwenye kikao cha kila idara.