Siku moja maishani mwangu: kwenye meza ya sampuli za mikoba

Ukimwambia mtu unafanya kazi kwenye kiwanda cha mikoba ya ngozi, swali linalofuata ni unashona mingapi kwa siku. Kwenye meza ya sampuli jibu ni mmoja, na zipo siku hata huo mmoja unalala bila mpini. Wenzetu wa laini ya ushonaji hutania kwamba huku ni kwa wavivu. Kumbe mkoba wa sampuli unashonwa ili kuzipima paterni, yaani karatasi za umbo zinazofuatwa kukata ngozi yake. Zikipita, zitakatia mikoba elfu moja mikononi mwa watu ambao hawana muda wa kuuliza chochote.

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kushika kisu napima mkanda wa begani uliotundikwa tangu jana jioni ukiwa na uzito wa kilo 10. Alama mbili za kalamu ya fedha zilikuwa zimeachana milimita 500; asubuhi hii zimeachana 504. Inavumilika. Mkanda uliokatwa upande wa tumbo la ngozi ungevutika zaidi na usingerudi, ndiyo maana mikanda hukatwa sambamba na uti wa mgongo, na paterni yake ina mshale wa kumwambia hivyo mkataji.

Saa 2:00. Picha ya mteja ina mkoba uliopigwa kwa mbele na vipimo viwili tu, kwa milimita: upana 300, kimo 220. Kina cha mkoba hakuna, mviringo wa pembe hakuna, upana wa mfuniko hakuna. Nakunja kadibodi katikati, nachora nusu, nakata pande zote mbili kwa pamoja. Anayechora mbele nzima bila kukunja hupata bega moja limezidi jingine kwa milimita moja, na zipu ikifungwa hiyo milimita inajitangaza yenyewe.

Saa 3:00 ni ya ubavu, yaani kile kipande kirefu kinachozunguka pande na chini kuunganisha mbele na nyuma. Sampuli nyingi huharibikia hapa. Pembe za chini zina nusukipenyo cha milimita 50. Hesabu ya haraka ni upana jumlisha kimo mara mbili: 300 na 440, jumla 740. Lakini pembe ya mviringo ni njia ya mkato. Kila pembe inapunguza safari kwa 0.43 ya nusukipenyo chake, kwa hiyo pembe mbili za 50 zinapunguza milimita 43. Ubavu unabaki 697.

Vipimo hivyo vyote vinachukuliwa kwenye mstari wa mshono. Kwenye ukingo wa kukatia ni hesabu nyingine kabisa. Mkoba huu unashonwa ndani-nje kisha unageuzwa, kwa hiyo mbele na nyuma zina akiba ya mshono, yaani ukingo unaobaki nje ya mstari wa mshono, ya milimita 8 kuzunguka. Ukipitisha futi ya kitambaa kwenye ukingo wa nje wa kadibodi utasoma kama 722, na ubavu utazidi kwa milimita 25. Fundi wa cherehani atajitahidi kuzimeza, hazitamezeka, na pembe itatoka na mikunjo. Halafu lawama zitamwendea yeye. Nimeshasikia mabishano marefu kuhusu mguu wa cherehani na mvutano wa uzi, wakati kosa lilikuwa limelala kwenye karatasi.

Baada ya hapo ni vipengo, yaani mikato midogo ya alama kwenye ukingo: kimoja katikati ya mbele na ya nyuma, kimoja katikati ya ubavu, na viwili kila pembe, pale mviringo unapoanzia na unapoishia. Vikutane vyote, mshono hauna pa kukimbilia. Kila kipande kinaandikwa jina, idadi ya kukata, unene wa ngozi, upana wa kunyoa kingo (kuzipunguza unene), mshale na tarehe. Mkoba mdogo kama huu una vipande 26 ukihesabu bitana, vikazio (vipande vya kutia ugumu nyuma ya ngozi) na kile kipande kidogo cha kukaza nyuma ya sumaku ambacho kila mtu hukisahau.

Saa 4:30 hadi mchana: kukata kwa ngozi yenye dosari ila yenye unene uleule wa milimita 1.3, kunyoa kingo, kupaka gundi. Kingo za kukunja zinanyolewa upana wa milimita 10 hadi zibaki na unene wa 0.6. Gundi inapakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka kidole kikigusa hakinati. Ukibandika mapema, kimiminika kinanasa ndani na kesho kingo zinaachia zenyewe. Madirisha wazi, feni inazunguka, mapumziko.

Saa 8:00 mchana mteja anaingia.

Anashika mbele ya mkoba, anaipinda, anasema ni laini mno, anataka ngozi ya 1.8. Halafu anaupima kwa macho. “Fundi, ongeza kidogo upana. Ni sentimita moja tu.” Na angependa kuuona umekamilika leo.

Hiyo sentimita moja inatembea hivi. Mbele 310, nyuma 310, ubavu 707. Bitana mbili na ubavu wa bitana, ambazo zilikuwa tayari zimepunguzwa milimita 2 kila upande kwa sababu bitana inakaa ndani na haihitaji nafasi ya nje. Vikazio. Vipande vya pembeni mwa zipu, na zipu yenyewe, ambayo ni ya meno ya chuma na haiongezwi kwa kuivuta. Mfuniko na bitana yake, na mfuko wa ndani ili usionekane umehamia kushoto. Vipande 14 kati ya 26 vinachorwa upya. Sumaku haihami kwa sababu iko katikati. Tushukuru kwa hilo.

Unene ndio mbaya zaidi, na ndio mteja anaouona kuwa mdogo. Mahali ubavu unapokutana na mdomo wa mkoba kuna tabaka nne. Kwa 1.3 hizo ni milimita 5.2; kwa 1.8 ni 7.2, na mguu wa cherehani unapanda pale kama anayepanda ngazi, mshono unafupika, uzi unakatika. Kwa hiyo kingo zote zinyolewe upya, na sindano ipande kutoka namba 110 hadi 120 au 130, ya ncha ya kukata. Mkoba wa kugeuza ukiwa mgumu hivyo, pembe zake hazitoki nje vizuri, na kuzilazimisha kunavunja uso wa ngozi. Halafu mfuniko. Unapojikunja kurudi mbele, ngozi ya nje inasafiri zaidi ya bitana yake. Kwa mkunjo wa nusu duara, tofauti ni 3.14 mara umbali kutoka katikati ya unene wa tabaka moja hadi katikati ya unene wa nyingine. Ngozi ya 1.3 na bitana ya 0.9 zinatoa milimita 3.5 hivi, ngozi ya 1.8 inapandisha hadi 4.2. Ndiyo maana bitana ya mfuniko inabandikwa mfuniko ukiwa umepindwa. Ikibandikwa mezani ukiwa umelala, itajikunja ndani kila mkoba unapofungwa.

Namweleza yote haya. Anatikisa kichwa kukubali, kisha anauliza tena kama itawezekana leo.

Ninachofanya ni kumshikisha kipande cha 1.3 kilichobandikwa kikazio chembamba nyuma. Anakipinda, anakipinda tena, anasema hii ndiyo ngozi aliyoitaka tangu mwanzo. Sawa. Ugumu umetoka kwenye kikazio, unene wa mishono haujaguswa, na kingo zilizonyolewa asubuhi zimenusurika. Upana, huo hakuuachia.

Jioni saa hazihesabiki vizuri. Ubavu mpya unakatwa na kwenye pembe unapigwa vipengo vidogo vya kina cha milimita 5, kimoja kila milimita 7, ili ukingo wake ufunguke kufuata mviringo. Usifike 6, maana akiba ni 8 tu na mshono unahitaji nyama ya kushika. Mishono ni ya milimita 3.5, ukishusha hadi 2 unaitoboa ngozi kama ukingo wa stempu na itachanika hapohapo. Na ngozi haisamehi: ukifumua, matundu yanabaki. Macho yakishachoka, pembe ya mwisho ndiyo inayoshonwa polepole kuliko zote, gurudumu la cherehani likizungushwa kwa mkono.

Mkoba unageuzwa. Pembe zimekaa, hazina mikunjo. Unajazwa kilo 5 na kuinuliwa kwa mpini kwa mshtuko, mara nyingi, jicho likiwa kwenye ribiti na kwenye tundu la kwanza la mshono. Kitambaa cheupe kinasuguliwa juu ya ngozi kikiwa kikavu, halafu kikiwa na maji. Kikavu kimetoka safi, chenye maji kimebeba rangi kidogo, na hilo linaandikwa kwa sababu mkoba huu utagusa nguo za watu. Ukingo wa mpini uliopakwa rangi unapindwa mpaka ncha zikutane. Umeonyesha ufa mwembamba: tabaka la pili lilipakwa la kwanza halijakauka. Hapo paterni haina hatia, ila muda wa kukausha unaingia kwenye karatasi ya maelezo pamoja na namba ya sindano, uzi, gundi, na eneo la ngozi lililotumika.

Mwisho kabisa nakusanya paterni zote za upana wa 300 na kuzikata vipande viwili. Zikiachwa mezani, kesho asubuhi mkataji atachukua zilizo juu, na hana sababu ya kushuku kwamba mbele ni ya jana na ubavu ni wa leo.