Mzee wa salamu hataki kufichwa jina

Saa 11 alfajiri. Umeme upo, basi nainukuu sauti ya jana kabla haujakatika. Saa moja ya mahojiano hunila saa sita: sikiliza, rudisha nyuma, andika. Utafiti wangu wa uzamivu ni juu ya vipindi vya salamu redioni, vile ambavyo mtangazaji husoma kadi za wasikilizaji wanaosalimiana kwa majina, na anayeongea ni mama mmoja aliyeanza kutuma kadi enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwenye rekodi jogoo wa kwao anawika, na hapa Kimara jogoo wa jirani anamjibu. Nimerudisha mara tatu kujua kama alisema "nikatajwa" au "nikatajiwa". Aliyetajwa ndiye jina lake limesomwa hewani. Aliyetajiwa kasimuliwa tu habari za mwingine. Tasnifu naiandika kwa Kiingereza, na silali vizuri nikifikiria nitaipitishaje herufi moja ile.

Saa 1 na nusu asubuhi. Ndani ya mwendokasi, nimebanwa mlangoni, nasoma baruapepe kwa mkono mmoja. Jarida nisilolijua linanipa "salamu za leo, Profesa mashuhuri". Sina uprofesa hata wa kuazima. Nipeleke makala, nilipe dola 150, siku ya tatu itakuwa imetoka. Nao ni watuma salamu, ila kadi yao ghali! Mwenzangu mmoja aliwahi kuwalipa wa aina hii. Makala ilitoka kweli, jina lake limekosewa, na alipoomba kazi akaambiwa haihesabiki.

Saa 3. Maktaba ya Mlimani, upande wa East Africana, yaliko maandishi ya Afrika Mashariki. Historia ya redio ninayo tayari: Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, kisha sheria ya utangazaji ya 1993 iliyofungulia mlango redio binafsi. Leo natafuta ya kabla ya redio. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, na washairi wake walijibizana kwa lakabu kutoka miji ya mbali, watu ambao huenda hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Ninavyoona mimi, mtuma salamu ni mjukuu wao.

Saa 5. Dakika 20 na msimamizi wangu. Makala niliyoipeleka kwenye jarida imerudi baada ya miezi tisa. Mpitiaji wa kwanza kaandika mistari miwili. Wa pili kurasa tatu: anamtaka Habermas, mwanafalsafa wa Kijerumani, na anataka neno Tanzania liingie kwenye kichwa "ili msomaji asipotoshwe". Sijaona anayeandika juu ya mitandao ya Marekani akiambiwa aitaje Marekani kwenye kichwa. Msimamizi akacheka. "Tanzania mpe, haikupunguzii kitu. Huyo Habermas mjibu." Nitamjibu. Habermas alitazama migahawa ya kahawa ya London, akaona raia wakijadili mambo ya umma. Mimi nina kijiwe cha kahawa Manzese na redio juu ya meza.

Saa 8 mchana. Manzese. Mzee ananingoja barazani, kanzu imepigwa pasi, redio kaipunguza sauti bila kuizima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, kipindi kinaanza saa 10."

Ametoa boksi la viatu lililojaa kadi. Aliyonipa mkononi ina mistari ya majina, chini nafasi ya ujumbe, chini zaidi wimbo. Ameandika kwa kalamu ya bluu, na kila jina ameliwekea mahali: fulani wa Kilosa, fulani wa Mpwapwa, mama fulani popote alipo. Mstari wa nne umekatwa kwa rula, taratibu, pembeni kuna tarehe. "Huyo alifariki. Tulienda msibani watu wanane. Hatukuwahi kumwona sura mpaka siku ile tunamzika." Wanachangiana rambirambi, wanaozeana watoto, wana mwenyekiti na mweka hazina. Siku hizi wana pia kundi la WhatsApp, ila mzee analiona halina heshima: "Kule kila mtu anajitaja mwenyewe."

Tukafika kwenye fomu ya ridhaa. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: jina lako halitaonekana popote, nitakupa jina bandia.

Akaivua miwani.

"Kwa nini unifiche? Nimeiba?"

Nikasema ni kwa usalama wake, ndiyo maadili ya utafiti.

"Mwanangu, nimenunua kadi hizi zaidi ya miaka thelathini ili nitajwe. Nimekula mihogo mikavu hela iende kwenye kadi. Sasa ndiyo naingia kwenye kitabu cha chuo kikuu, unataka kuniita nani, Juma?"

Nilikuwa nimepanga kumwita Juma.

Hatukusaini. Saa 10 akapandisha sauti ya redio, tukanyamaza wote wawili mpaka kipindi kikaisha. Hakutajwa leo. Alisema tu, "Zipo nyingi, foleni," akaniongezea kahawa.

Saa 12 jioni. Foleni, vumbi, ugali.

Saa 3 usiku. Niko mezani na mpitiaji wa pili. Hoja yake ya saba naikubali: sikueleza kwa nini salamu si "ujumbe" wa kawaida. Nimeandika aya, nikaifuta. Nikaandika nyingine nikianzia na ule mstari uliokatwa kwa rula, na hiyo ikasimama. Kisha nikafungua barua kwa kamati ya maadili. Naomba fomu iongezwe kisanduku: mshiriki akitaka jina lake halisi litumike, achague mwenyewe. Najua itachukua wiki kadhaa na wataniuliza juu ya madhara. Nimejaribu kuandika madhara ya kufichwa kwa mtu aliyeishi ili atajwe, na sentensi inagoma kukaa kwenye Kiingereza cha fomu.

Simu imelia, ujumbe wa mzee: "Mwanangu jina lako la tatu nani. Naandika kadi ya Jumatatu sitaki likosewe."

Nimemtumia yote matatu.