Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mwisho ya mwaka, pilau na kijiti cha kivuli

Saa 10:40 alfajiri

Simu imeita kabla ya alamu. Ni mama wa mtoto mmoja wa Darasa la Nne, "mwalimu shikamoo, samahani kwa muda huu, ule mchango wa elfu tatu sijaupata, nikileta kilo mbili za mchele itafaa?" Marahaba mama, itafaa sana, tena bora mchele maana jana usiku tumehesabu tukakuta hatujafika hata kilo kumi na tano tulizopanga. Usingizi ndo umeisha hapo. Nje kuna manyunyu, mvua zenyewe si hizi za vuli hazina adabu, na mtu mwingine angewaza turubai, mimi nawaza jua. Nitawaambia kwanini.

Kwa wasionijua, mimi nimesomea ualimu wa hisabati na fizikia, huu mwaka wa tatu nipo mtaani nasubiri ajira, nimeshaomba mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Jumatatu mpaka Ijumaa nipo steshenari ya mama mdogo hapa Mbagala napiga fotokopi na picha za paspoti. Jumamosi ndo nakua mwalimu. Tuna klabu ya watoto wa Darasa la Nne hadi la Saba, tumeazimwa madarasa mawili kwenye shule ya msingi ya jirani, walimu tupo wanne wote wa kujitolea, malipo ni nauli na chai. Na sio tuisheni jamani, nimesema mwaka mzima na wazazi bado wanauliza tuisheni inaisha saa ngapi. Tuisheni mtoto anarudishiwa mitihani ya nyuma mpaka anajua swali la 14 jibu ni C hata kama hajui C yenyewe ni nini. Sisi tunafanya yale ambayo mwalimu mwenye watoto tisini darasani hana pa kuyaweka, mdahalo, kusoma hadithi kwa sauti, Kiingereza cha kuongea, kupima vitu. Tulianza Februari na watoto 31, tunamaliza na 43, na leo ndo tunafunga mwaka.

Saa 12:20 asubuhi

Steshenari. Vyeti 43 kwenye karatasi ngumu. Cha 17 wino wa bluu umekata, kuanzia hapo nembo yetu imekua ya zambarau, basi tutasema ndo mtindo. Cha 29 nagundua nimeandika jina la kaka mtu badala ya mdogo mtu, na kaka mtu hajawahi kukanyaga klabu hata siku moja. Narudia. Umeme unakatika. Mama mdogo kaniangalia tu akasema "nilikwambia uprinti Alhamisi," sikua na jibu kwa sababu kweli aliniambia. Umerudi baada ya dakika ishirini hivi, nimemaliza, nimepanda bajaji na vyeti nimevikumbatia chini ya khanga kama mtoto mchanga, mvua isije ikavifanya ujiuji.

Saa 2:10

Shuleni. Wamama wameshafika kabla yangu, mafiga matatu yameshainjikwa nyuma ya choo cha walimu (upande ambao upepo hautoki huko, tulipima hilo pia), vitunguu vinakaangwa, na ile harufu ya bizari nzima na iliki ikianza kupanda ndo unajua leo kuna sherehe, hayo mapambo ya puto ni nyongeza tu. Kuni zimelowa. Moshi umetutoa machozi wote, bibi mmoja anasema "lieni sasa, kwenye vyeti msilie." Kuna ubishi mdogo wa viazi, wawekwe au wasiwekwe. Sijaingilia. Mimi ni mtu wa viazi lakini pale sufuria sio la kwangu.

Babu mlinzi amenifungulia madarasa, akaniuliza kabla hata ya salamu kuisha, "leo jua litatoka?" Hata yeye.

Saa 3:30

Watoto wanaingia kwa makundi, wamepakwa mafuta hao wanang'aa, wengine wamevaa nguo za Idi, wengine yunifomu maana ndo nguo yenyewe nzuri aliyonayo. Na karibu wote, kabla ya kuja kunisalimia, wanapitia kwenye kijiti.

Ngoja niwaeleze hiki kijiti maana ndo stori yenyewe. Februari nilikua na somo la kivuli, nikapanga liwe la siku moja. Tukachukua mpini wa fagio, tukaukata ubaki mita moja kutoka ardhini, tukausimamisha kwenye kopo la rangi lililojazwa zege. Baba wa mtoto mmoja ni fundi mwashi, akatuazima timazi, ule uzi wenye uzito chini, tuhakikishe umesimama wima. Mtoto akauliza kwanini tusitumie mlingoti wa bendera upo tayari, nikasema haya kaupimeni, wakaupima kwa timazi, umeinama! Miaka yote hiyo tunaimba wimbo wa taifa mbele ya mlingoti uliopinda na hakuna aliyejua. Basi kijiti kikabaki chetu. Tukakiweka kwenye sakafu ya zege nje ya Darasa la Sita, kila Jumamosi mchana jua linapofika juu kabisa tunaweka nukta kwa rangi ya kucha pale kivuli kinapoishia. Rangi ya kucha ni wazo la binti mmoja wa Darasa la Tano, chaki ilikua inafutika na mvua.

Nukta ya kwanza ilikua upande wa kaskazini, sentimita 18. Wiki zikaenda kivuli kinafupika, mwanzoni mwa Machi kikapotea kabisa, kijiti kimesimama peke yake kama hakina kivuli, watoto walipiga kelele mpaka walimu waliokua wanasahihisha madaftari wakatoka. Alafu kikatokea upande wa pili, kusini. Hapo ndo somo la siku moja likawa la mwaka. Likizo ya Juni nilidhani hawatakuja, walikuja tisa, kivuli kilikua sentimita 58, ndo kirefu kuliko vyote, kikaanza kurudi. Mtoto mmoja akaenda kumuuliza babu yake aliyekua mvuvi, babu akamwambia sisi tunajua wakati wa kusi jua linakaa upande wa kaskazini, na upepo nao unatoka kusini unalifuata huko. Kwakweli babu hajakosea sana, ni lile joto la huko bara la kaskazini linapanda juu ndo linauvuta upepo. Tarehe 10 hivi Oktoba kivuli kikapotea mara ya pili. Sasa hivi tupo kaskazini tena, na leo ndo nukta ya mwisho ya mwaka.

Ila mawingu yamekaa tu.

Saa 4:00 ndo ratiba inasema tunaanza. Haya.

Saa 5:05

Tumeanza. Mgeni rasmi yupo njiani, na "njiani" tunajua maana yake, inawezekana anapiga pasi shati. Hatukuweza kusubiri, watoto wa mdahalo wamepanda, hoja ni simu zina faida kuliko hasara kwa mwanafunzi. Upande wa kupinga wameshinda kwa hoja moja tu, binti kasimama akasema "waheshimiwa, mama yangu alikua ananisikiliza nikisoma, siku hizi anasema mmh, mmh, huku anaangalia simu." Wamama nyuma kimya. Mmoja nimemuona anaingiza simu kwenye pochi taratibu.

Saa 5:50

Mgeni rasmi amefika na watu watano ambao hawakua kwenye hesabu. Sitamtaja, ni mzee wetu wa mtaani anaheshimika, na kwa haki yake aliomba radhi ya kuchelewa, wengi hawaombi. Emsii wetu (mwalimu wa Kiingereza, kajipachika mwenyewe) kasoma risala, mzee kapewa kipaza sauti. Kaanza na shukrani, kaenda kwenye historia ya Mbagala ilivyokua mikorosho, kaingia enzi zake za kutembea kilomita kwenda shule. Hotuba nzuri tu. Tatizo ni saa.

Maana tulishajifunza kwamba hapa kwetu jua halifiki juu saa sita kamili. Saa tunazotumia sisi, Kenya na Uganda zimefuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari wenyewe unapita huko karibu na Mogadishu, sisi Dar tupo kama nyuzi 39 na robo, kila nyuzi moja ni dakika nne, piga hesabu unapata dakika kama 23 za kuchelewa. Alafu kuna kitu kingine, dunia haiendi mwendo mmoja mwaka mzima na tena imeinama, kwaiyo hizo dakika zinaongezeka na kupungua. Kwa wiki hii inaangukia saa sita na dakika kumi na nne.

Saa 6:09

Mzee yupo kwenye kilomita. Kijana mmoja wa Darasa la Sita mwenye saa ya mkononi (ya baba yake, imefungwa kwa raba) ananiangalia. Namkazia macho akae. Anamuonesha saa mwenzake. Mwenzake anamgusa wa mbele. Mimi moyoni nasema msinifanyie hivyo leo jamani, leo kuna wageni.

6:12 binti wa rangi ya kucha kasimama. Hakuomba ruhusa, kainama kidogo kama wanavyofundishwa kupita mbele ya wakubwa, katoka. Alafu wa pili. Alafu benchi zima, na ndani ya nusu dakika mgeni rasmi anahutubia wamama, walimu na turubai. Nikataka ardhi ipasuke. Mzee kanyamaza, kauliza kwenye kipaza sauti kabisa, "kuna nini huko?"

Nje watoto 43 wamezunguka mpini wa fagio, hakuna anayesukuma, na hakuna jua. Wingu limekaa palepale. 6:14 imepita. Hakuna aliyeondoka. Mzee akaja na wasaidizi wake, nikaanza kujieleza, akanipungia mkono ninyamaze, akamuuliza binti mnasubiri nini. Binti akamuamkia, alafu akamwelezea nukta moja moja, hii Februari, hii Juni, hapa kivuli hakukua nacho, huku akiwa amechuchumaa na kidole kwenye sakafu. Kijana mmoja aliyemaliza Darasa la Saba, Januari anaingia Kidato cha Kwanza ambako fizikia yote ni Kiingereza, akataka kuelezea kwa Kiingereza, akaenda vizuri kabisa mpaka akafika kwenye timazi, akakwama, akanigeukia. Na mimi nikakwama! Tukasema timazi ni timazi. Mzee akauliza swali ambalo sikulitegemea, "sasa nyie mnajuaje kama ni jua limehama na sio kijiti kimesogea?" Mtoto wa Darasa la Nne, mdogo kuliko wote pale, akanyoosha timazi bila kusema neno.

6:21 wingu likapasuka kidogo. Kivuli kikaja hafifu, kama kimechorwa na penseli iliyochoka. Wakaruka na rula, sentimita 28 kaskazini, nukta ikawekwa, jua likafungwa tena. Mmoja analalamika tumechelewa dakika saba sio kipimo halali, mwenzake anamjibu kivuli cha mchana huwa hakina haraka, angalia daftari la Septemba, dakika kumi zote urefu wake haukubadilika hata nusu sentimita. Daftari la Septemba! Mimi mwenyewe nilikua nimeshalisahau.

Hotuba haikuendelea. Mzee kasema yeye ameshamaliza.

Saa 7:15

Pilau. Viazi vilishinda. Lilipaliwa mkaa juu likaiva punje moja moja, na ukoko wa chini wamegombaniana walimu, sio watoto. Soda tulinunua kreti mbili, chupa 48, watoto 43, walimu wanne, babu mlinzi mmoja, hesabu imekaa kamili, sasa wageni sita tunawaweka wapi? Wale wa Darasa la Tano wanaogawa wakajadiliana pembeni wakaja na uamuzi kwamba soda ni za wanaklabu kama ilivyopangwa na wageni watakunywa juisi ya ukwaju ya kina mama. Nikaona aibu kidogo ila nikawaacha. Wageni wakaonja ukwaju, hakuna aliyeulizia soda tena, mzee kaongezewa mara mbili.

Saa 8:40

Vyeti. Huu mpango wa kila mtoto kuitwa jina na kutajiwa kitu kimoja alichofanya mwaka huu unachosha, 43 sio mchezo, ila ndo sehemu nisiyokubali ipunguzwe. Yule wa jina la kaka yake kaangalia cheti chake muda mrefu, nikahisi nimekosea tena, kumbe anaangalia nembo ya zambarau, ananiambia chake kizuri kuliko vya wenzake wa bluu. Mama wa kilo mbili za mchele alikua mstari wa mbele, kapiga picha mpaka simu ikazima.

Saa 10:20 jioni

Masufuria yamesuguliwa na majivu, turubai limekunjwa likiwa bichi (mwenye nalo atanisema Jumatatu), puto zilizobaki wamegawana. Nauli yangu ya leo imeishia kwenye karatasi ngumu, mahesabu nitafanya nikiwa na nguvu. Nimekuta watoto kama wanane hawajaondoka, wamekaa na babu mlinzi kwenye kibanda chake, kikao. Hoja ni kwamba shule imefungwa hadi Januari, na tarehe 22 Desemba ndo wakati jua linafika mwisho wake kusini kabla ya kugeuka, kivuli kitakua kirefu kuliko leo, nani atapima? Wengine wanaenda kijijini, wengine Tanga kwa bibi, binti mwenyewe anaenda Lindi.

Babu kasema atapima yeye. Wakamfundisha upya kusoma rula, akawavumilia japo nina uhakika rula kaijua kabla baba zao hawajazaliwa. Akauliza ni ileile saa sita na kumi na nne? Hapana babu, siku hiyo ni saa sita na ishirini na moja, inahama. Akatikisa kichwa, akachukua kipande cha chaki, akaandika ukutani chini ya namba ya muuza maji: 22/12, 6:21. Binti akamkabidhi kichupa cha rangi ya kucha, akamwambia akifunge vizuri inakauka.