Mlango wa wagonjwa

Mama alikuja Uingereza mara moja tu, Septemba 2014, akakaa kwangu wiki sita. Katika hizo wiki sita iko Jumapili moja isiyonitoka moyoni, tulipopanda treni kutoka Brighton kwenda Lewes kuangalia nyumba ya mganga aliyekwisha kufa zamani.

Aliyetutuma ni baba. Baba alikuwa bwana mganga wa zahanati, kijiji cha ndani huko upande wa Mtama, mkoani Lindi, na watoto wote wa kule tumekuzwa na habari za Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi, ikaishia Berlin. Baba akisimulia utadhani alikuwapo. Basi nilipomwambia kwenye simu kwamba si mbali na hospitali ninapouguza kuna mji alikoishi daktari aliyeielezea iguanodon, dinosaria wa pili kupewa jina duniani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama yako akija, mpeleke akaione nyumba yake. Huyo ni mwenzangu."

Lewes ni mji wa mlima. Ukitoka stesheni unapanda, na ukidhani umefika unapanda tena. Mama alipanda taratibu, kanga juu ya koti langu la baridi, thermosi ya chai mkononi maana alikataa nimbebee. Nyumba yenyewe iko High Street, mahali paitwapo Castle Place, na utaitambua kwa nguzo zake: vichwani zimechongwa amoniti, yale makombe ya kale ya baharini yaliyojiviringa kama konokono. Aliyezichonga hivyo alikuwa mjenzi Amon Wilds, akichezea jina lake mwenyewe.

Nikamsomea kibao. Gideon Mantell, daktari mpasuaji na mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa mji huohuo, 1790. Nikamwongezea niliyoyasoma: kwamba alikuwa mtoto wa mshona viatu, akaenda London kusomea kazi, akafuzu 1811 na kurudi kuwatibu watu wa kwao. Mpasuaji wa mji mdogo zama zile hakukaa akisubiri wa kupasuliwa. Aliunga mifupa, aliwaangalia wagonjwa wa kipindupindu na ndui, akapanda farasi usiku kwenda mashambani, na kila mwaka alizalisha wanawake kati ya 200 na 300.

"Mia tatu," mama alisema. "Na nyumbani analala saa ngapi?"

Alikuwa hatazami kibao. Aliutazama mlango, kisha akasogea pembeni, akachungulia ukutani, akarudi.

"Mlango wa wagonjwa uko wapi?"

Sikuona mwingine zaidi ya ule wa mbele, nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa namna ninayoijua, ile ya mtu aliyekwisha kuelewa jambo zima. Kwetu pia mlango ulikuwa mmoja. Aliyevunjika mkono kwa kuanguka kwenye mkorosho alipita palepale tulipopita na ndoo za maji, na mara ngapi nimeamka nikamkuta mtu nisiyemjua amelala kwenye mkeka wangu, amefunikwa shuka langu.

Tukapata benchi, nikamimina chai. Mama akataka habari za mke.

Mary Ann Woodhouse aliolewa 1816, akazaa watoto wanne. Mumewe alipotoa kitabu chake cha kwanza cha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, mwaka 1822, mabamba ya picha aliyachonga yeye kwa mkono wake. Wapo wanaosimulia kwamba hata jino la kwanza la iguanodon aliliokota yeye barabarani, akimngoja mumewe aliyekuwa ndani kwa mgonjwa. Wengine hawaisadiki hadithi hiyo, na mimi siigombanii, kwa sababu yale mabamba yananitosha. Kuna mwanamke aliyeinama mezani, watoto wadogo wamemzunguka, anachonga mawe ya mumewe mstari kwa mstari, na usiku mlango unagongwa.

Mwaka 1833 wakahamia Brighton, mumewe akitumaini wagonjwa wenye fedha. Waliokuja walikuja kutazama mawe. Wagonjwa wakapungua, madeni yakazidi, mpaka nyumba yao ikageuzwa kuwa makumbusho, na mke na watoto ikawabidi wahamie kwingine ili mifupa ipate nafasi. Hata hiyo haikuleta fedha, kwa kuwa Mantell mara nyingi aliwaachia watu waingie bure. Malkia Victoria alikuwa ndiyo kwanza ameshika kiti pale mzigo wote ulipouzwa kwa British Museum, 1838, kwa pauni 4,000. Mwaka uliofuata Mary Ann akaondoka.

Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Akarudi?"

"Hakurudi."

Akakaa kimya kirefu. Halafu akaniuliza kama naukumbuka mwaka wa kipindupindu. Nilimwambia naukumbuka kidogo: zahanati ilikuwa na vitanda viwili tu, baba akahamishia wagonjwa sebuleni, kisha chumbani kwetu, na sisi tukapelekwa kwa bibi. Na kwamba ndio mwaka ule yeye alikwenda Kilwa kumuuguza mama yake mdogo.

"Mama yangu mdogo alikuwa mzima," alisema. "Mimi niliondoka."

Miaka yote ile nilikuwa nikilibeba hilo neno Kilwa kama lilivyotolewa. Nilikuwa na miaka saba. Sasa mama ananiambia, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, kwamba alipanga nguo zake kwenye sanduku la bati, akapanda lori la korosho, na hakuwa na nia ya kurudi. Hakuwa amepigwa wala kutukanwa. Alichoka kuwa mtu wa kuchemsha. Maji ya wagonjwa, nguo za wagonjwa, zile sindano za kioo kwenye sufuria juu ya jiko la mchina, asubuhi na jioni, na watu wakishukuru wanamshukuru Bwana Mganga.

"Baba alikufuata?"

"Aache wagonjwa?" Hakukasirika hata kidogo. "Aliandika barua, kurasa tatu. Nani kapona, nani kazikwa, dripu zimebaki ngapi. Mwishoni akaandika: sindano zimekauka, sijui sufuria yake uliiweka wapi, na mimi sijui kuishi na watu hawa wote peke yangu." Akanyamaza. "Niliisoma mara nyingi ile barua. Miezi mitatu ilipokwisha nikapanda lori."

Sikujua la kusema. Nilimshika mkono. Kucha zake zina ule mpasuko wa zamani ambao mtoto nikidhani wanawake wote wanazaliwa nao. Mimi ni muuguzi, nimevaa glavu maisha yangu yote ya kazi, na mpaka siku ile sikuwa nimejiuliza mikono ile iliunguzwa na nini.

Kwenye treni ya kurudi akauliza habari za watoto wa Mantell. Binti mmoja, Hannah, aliugua sana, akafariki 1840 bado msichana. Mtoto wa kiume, Walter, alipanda meli kwenda New Zealand, na kutoka huko akawa anamtumia baba yake mifupa ya moa, ndege waliokwisha kutoweka, wengine wakubwa kuliko mbuni. Mantell aliipokea London, mgongo wake umeharibika tangu ajali ya gari la farasi ya 1841, akiishi kwa afyuni ya kutuliza maumivu. Kipimo kikubwa cha afyuni hiyo ndicho kilichomuua 1852.

"Mtoto alijua baba yake anapenda nini," mama alisema.

Tulipofika nyumbani akaniomba simu. Baba alikuwa amekwisha kustaafu miaka mingi. Niliweka spika ili nami nisalimie. Mama hakumweleza habari za nguzo wala za mawe. Alimwuliza kama amekula.

"Bado," baba alisema. "Nina mtoto wa watu hapa barazani, ana degedege. Nitapiga baadaye."

Simu ikakatika. Mama akanirudishia, akaenda jikoni kubandika maji.